Barua ya wazi: Mwalimu wa lugha wa Kigoma aende kongamanoni, na akirudi aulizwe amekuja na nini

Kigoma

Kwa Waheshimiwa mnaotoa ruhusa, vibali na fedha za mafunzo ya walimu,

YAH: USHIRIKI WA WALIMU WA LUGHA WA MKOA WA KIGOMA KATIKA MAKONGAMANO YA KIMATAIFA YA UFUNDISHAJI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima, tunawaandikia hadharani jambo ambalo tumelisema faraghani mpaka tumechoka kulisema. Barua zimepitishwa kwa wakuu wa shule, zikagongwa muhuri wa "imepokelewa", zikapewa namba ya kumbukumbu, zikalala. Hatutaji ofisi wala mtu. Kasoro tunazozieleza ni za utaratibu, na wenye uwezo wa kuugeuza utaratibu ni ninyi.

Tunachotaka ni hiki: apelekwe mwalimu anayeshika chaki, apewe jibu mapema, na akirudi abanwe mpaka aonyeshe alichokuja nacho. Kabla ya malalamiko, mturuhusu tueleze kwanza kilichoko huko, maana tunahisi sehemu ya ukimya wenu inatokana na kudhani kwamba kongamano ni meza kuu, hotuba, picha ya pamoja na chakula.

Kilichoko huko

Chukueni IATEFL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1967. Mkutano wake wa kila mwaka una mihadhara mikuu michache. Chini yake kuna mamia ya mawasilisho madogo. Mada ya kawaida hupewa dakika 30, maswali yakiwa humo humo. Warsha hupewa dakika 45. Vyumba vingi huendeshwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mshiriki makini hulala na ratiba mkononi akipiga alama aende wapi na aache nini. TESOL ya Marekani, iliyoanzishwa 1966, nayo ina mkutano wake wa kila mwaka. Walimu wa Kifaransa wana FIPF, shirikisho la tangu 1969, ambalo kongamano lake la dunia lilifanyika Durban mwaka 2012, Liège 2016 na Besançon 2025. Sisi wa Kiswahili tuna CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani kilichoanzishwa 2012, pamoja na makongamano ya vyama vya kanda hii.

Tuwe wakweli: si yote yanayopatikana huko yana faida. Mihadhara mikuu mara nyingi ni mitamu masikioni na haina cha kupeleka darasani Jumatatu asubuhi. Mabanda ya wachapishaji yamejaa vitu vinavyodai ubao wa kidijitali na intaneti isiyokatika. Ukirudi Kakonko na vipeperushi vyao umerudi na karatasi za kufungia vitumbua. Faida iko kwenye warsha, kwenye mabango, na kwenye foleni ya chai, ambako mwalimu wa Bangladesh na wa Uganda wanaulizana darasa lako lina wangapi.

Hilo la wangapi ndilo letu. Ufundishaji wa lugha katika madarasa makubwa umefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980, watafiti Hywel Coleman na Dick Allwright walipoanzisha mradi wa vyuo vikuu vya Lancaster na Leeds, Uingereza. Harry Kuchah wa Kameruni, ambaye amewahi kufundisha darasa la wanafunzi zaidi ya 200 nchini kwao, alikuwa Rais wa IATEFL kuanzia 2017 hadi 2019. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba mambo ya huko ni ya madarasa ya watoto 15 wenye zulia.

Mfano mmoja, tuutoe kwa ukamilifu ili mwone uzito wa kitu kinachoonekana kidogo. Kuna zoezi liitwalo imla ya kukimbia. Darasa la wanafunzi 80 hugawanywa makundi 20 ya wanne wanne. Mwalimu huandika kifungu cha sentensi nne, kila moja maneno 12 hadi 15, kwa herufi kubwa kwenye vipande vya manila. Nakala 10 zinatosha, kila moja kwa makundi mawili. Nakala hubandikwa ukutani nje ya darasa. Kila mwanakundi hutoka mara moja, husoma sentensi moja, huibeba kichwani, hurudi na kuitamka, na mwenzake huandika. Kisha zamu hubadilika. Dakika tano za kupanga, 15 za kukimbia, 10 za kulinganisha maandishi na nakala, 10 za kuchambua makosa. Kipindi cha dakika 40 kimeisha na kila mtoto amesoma, amesikiliza, amesema na ameandika. Kwa njia ya "rudieni wote baada yangu", katika muda huo huo wanaosema peke yao hawazidi sita au saba, na ni wale wale wa dawati la mbele.

Hatua hizo unaweza kuzisoma popote. Usichokisoma ni namna zoezi linavyoharibika. Kwanza mlango: wakimbiaji 20 wakitoka kwa pamoja wanakwama, wawili wanaanguka, mkuu wa shule anatokea. Dawa ni kubandika nusu ya nakala kwenye ukuta wa nyuma ndani ya darasa, na nusu nje. Pili, hodari wa kundi hujitwalia kalamu na kuandika kila kitu. Kalamu iwe moja kwa kundi na mwandishi abadilike kila sentensi. Tatu, wajanja husimama dirishani na kupaza sauti. Kanuni iwe sentensi haisemwi mpaka uwe umekaa. Nne, mwalimu wa darasa jirani atakuja juu, kwa hiyo mwarifuni asubuhi. Mambo haya manne huyapata kwa mtu aliyejaribu akashindwa, na wewe ukiwa umesimama naye, umekimbia naye, umeona alivyojikwaa. Kitabu hukupa hatua, kongamano hukupa makosa ya wenzako kabla hujayafanya wewe mbele ya watoto 80.

La pili ni matamshi. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza, kwa hesabu iliyozoeleka vitabuni, kina sauti 20 za irabu, nane kati yake zikiwa irabu mbili zilizoungana. Ndiyo maana hat, hut, heart na hurt hutoka vinywani mwa wengi wetu kama neno moja. Mwalimu asiye na mwongozo ama huyaacha yote, ama huyashika yote na kuwatesa watoto wiki mbili wakitoa ndimi nje kwa ajili ya th. Mwaka 2000 mtafiti Jennifer Jenkins alichapisha orodha ya mambo yanayovuruga maelewano pale wanaozungumza Kiingereza wote si wazawa wake. Tofauti ya irabu ndefu na fupi imo. Sauti mbili za th hazimo. Kwa ratiba ya mwalimu hiyo ni hesabu rahisi: dakika tano kila kipindi kwa ship na sheep, live na leave, na th isubiri. Wako wanaompinga, hasa watunga mitihani, na hoja zao si za kubezwa. Mwalimu anapaswa kuusikia ubishi huo pande zote mbili, kisha aamue kwa ajili ya darasa lake. Waraka hauwezi kumfanyia kazi hiyo.

La tatu linatuuma zaidi kwa sababu ni la nyumbani. Kuna dhana kwamba Kiswahili hakihitaji mbinu, kila Mtanzania anakijua. Mtoto wa kijijini Buhigwe au Kasulu mara nyingi huingia darasa la kwanza na Kiha, ambacho wenyewe tunakiita Giha. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, na anafundishwa kana kwamba alizaliwa nacho. Akisema "ng'ombe hii imepotea" anachapwa wekundu wa kalamu na kosa linajirudia hadi kidato cha nne. Sababu ipo. Kirundi, na Kiha kilicho ndugu yake wa karibu, hupatanisha jina la mnyama kwa umbo la neno. Kiswahili hutazama uhai: ng'ombe huyu, kifaru huyu, kiboko huyu. Mtoto hajakosea kwa uvivu, ametumia kanuni sahihi ya lugha nyingine. Mwalimu anayejua hilo hutenga kipindi kimoja cha wanyama peke yao, na hutumia kiboko kwa makusudi: kiboko huyu yuko Malagarasi, kiboko hiki kiko mkononi mwa mwalimu wa nidhamu. Darasa likicheka, kanuni imeingia.

Tena mtoto huyo hana shida na wazo la ngeli, analo kichwani tangu utotoni. Kumkaririsha A-WA, KI-VI, LI-YA kama mashairi ni kumpa majina ya kitu anachokijua. Wanaofundisha Kiswahili kama lugha ya kigeni, ambao ni wengi katika makongamano ya Kiswahili, huanza kwa mpangilio mwingine: ngeli mbili tu kwa wiki ya kwanza, jina na kivumishi kwanza, kisha kionyeshi, kisha kitenzi, mwisho kiambishi cha mtendwa, na jina la ngeli halitajwi mpaka mdomo umezoea. Kiti kizuri. Kiti hiki kizuri. Kiti hiki kizuri kimevunjika. Nani amekivunja? Burundi nako Kiswahili hufundishwa shuleni kwa watoto wa Kirundi, yaani walimu wenzetu walioko jirani kabisa wanapambana na "ng'ombe hii" hiyo hiyo. Bujumbura iko karibu nasi kuliko Tabora. Hatukutani nao.

Kifaransa tutakisema kwa kifupi kwa kuwa walimu wake ni wachache, ingawa uchache wao ndio sababu ya kuwapeleka. Kongo iko ng'ambo ya ziwa na imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwaka mmoja kabla ya hapo wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kifaransa na Kiswahili ziwe lugha rasmi. Mwalimu wa Kifaransa wa Kigoma anaishi mlangoni mwa wazungumzaji wa lugha hiyo, naye aweza kumaliza miaka bila kukutana na mwalimu mwenzake wa nchi nyingine.

Malalamiko yetu

1. Majibu huja tarehe zikiwa zimepita.

Kongamano lina tarehe zisizosogezwa. Ikisiri, yaani muhtasari wa unachotaka kuwasilisha, hupelekwa miezi sita hadi minane kabla. Majibu yakitoka, kuna muda wa kulipa ada kwa punguzo. Ukipita, ada inapanda. Kisha viza. Ya Uingereza huombwa si mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida huchukua wiki tatu. Ya nchi za Schengen huombwa kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari. Alama za vidole hazichukuliwi Kigoma; ni Dar es Salaam, na kwa treni ya reli ya kati hiyo ni safari ya takriban siku mbili kwenda peke yake.

Sasa, hati inayobeba uzito katika maombi ya viza ya mtumishi wa umma ni barua ya mwajiri. Afisa wa viza anataka kujua jambo moja kuliko yote: huyu atarudi? Barua nzuri humjibu kwa kutaja cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, siku za ruhusa, nani anagharamia nini, na tarehe ya kuripoti kazini. Barua isemayo tu "mtajwa ni mwalimu wetu, apewe ushirikiano" haimsaidii mtu. Nayo barua haiwezi kuandikwa kabla ya ruhusa, na ruhusa hupanda ngazi kutoka shule, kata, halmashauri, mkoa, hadi juu zaidi kwa kibali cha kutoka nje ya nchi. Kila ngazi ikikaa na jalada wiki tatu tu, zaidi ya miezi mitatu imeisha. Hakuna aliyekataa, na bado mtu hakwenda. Afadhali kukataliwa mapema, maana nafasi ya ufadhili ingepewa mwalimu mwingine badala ya kupotea.

2. Bajeti huandikwa kabla mwaliko haujazaliwa.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Tuchukue kongamano la Aprili 2027. Linaangukia mwaka wa fedha 2026/27, ambao makadirio yake huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai 2026. Ikisiri yenyewe inaandikwa baada ya hapo, na jibu lake huja mwishoni mwa 2026. Mwalimu akileta barua ya kukubaliwa anaambiwa, kwa haki kabisa, "haimo kwenye bajeti". Isingeweza kuwamo. Kumtaka mwalimu ataje kongamano kwa jina katika makadirio ni kumtaka apige ramli. Njia pekee ni kasma ya jumla isiyo na jina la mkutano, na hatujaiona.

3. Anayekwenda siye anayefundisha.

Nafasi ikipatikana, mara nyingi huishia kwa mtu asiye na kipindi hata kimoja kwa wiki. Hatusemi viongozi wasisafiri. Tunasema warsha ya imla ya kukimbia haimsaidii mtu asiye na darasa la kuliendesha. Atarudi na begi la kongamano, daftari tupu na cheti.

4. Anayerudi haulizwi.

Hapa tunajilaumu na sisi. Wako wenzetu waliokwenda wakarudi, na shule yao haikuona tofauti. Hakuna aliyewadai. Ripoti ya safari huwa kurasa mbili za nani alifungua na nani alifunga, huwekwa kwenye jalada, basi.

Majibu tuliyokwisha kupewa, au tunayotarajia

"Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni." Vingi vipo, na tunavitazama. Lakini saa moja ya mkutano wa video hula kati ya nusu GB na zaidi ya GB moja. Kongamano la siku tatu, saa sita kwa siku, ni saa 18. Pigeni hesabu ya bando kwa bei ya simu ya mwalimu. Tena warsha ya kukimbia haitazamwi, inakimbiwa. Hatuikatai njia ya mtandao, na tumeiweka kwenye maombi yetu hapa chini.

"Vipindi vitakufa." Kongamano ni siku nne au tano. Makongamano ya Kiswahili ya kanda hii mara nyingi huwa Desemba, watoto wakiwa likizo. Usimamizi wa mitihani ya taifa huwatoa walimu vituoni mwao siku nyingi kuliko hizo, na shule haifungwi kwa sababu watu hubadilishana vipindi mapema.

"Wanatafuta posho." Basi msitupe posho mkononi. Lipeni ada kwa waandaaji na nauli kwa shirika la ndege moja kwa moja. Isitoshe, vyama kama IATEFL hutoa ufadhili kila mwaka kwa walimu wa nchi mbalimbali, na aliyeupata hana anachowadai ila saini na muhuri.

"Hawatarudi." Wekeni mkataba. Mwalimu mwenye ajira, familia na mkopo wa benki ni wa kutiliwa shaka kidogo kuliko mnavyofikiri.

"MEWAKA ipo." Ndiyo, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yapo na tunayathamini. Lakini jumuiya ya ujifunzaji ya shule moja, yenye walimu wale wale kila wiki, hufika mahali watu wakaanza kupeana walichokwisha kupeana. Inahitaji kitu kutoka nje cha kutafuna. Huyo aliyetoka kongamanoni ndiye wa kukileta.

"Walimu wetu hawana kiwango cha kuwasilisha." Hili hutamkwa kwa sauti ya chini, nalo ndilo linalouma. Hebu tulijibu kwa vitendo. Ikisiri ni maneno 200 hadi 300. Inataka mambo matano: tatizo moja, darasa la aina gani, ulifanya nini, uliona nini, na msikilizaji ataondoka na nini. Zinazokataliwa huanguka kwenye kichwa. "Changamoto za Ufundishaji wa Kiingereza Tanzania" ni pana kama ziwa na hakuna atakayeingia chumbani. "Kusahihisha insha 120 kwa wiki kwa kutumia alama sita" inawavuta, kwa sababu kila mwalimu duniani ana rundo la insha mezani. Anayeogopa kusimama mbele ya watu aombe bango badala ya mada: ukubwa wa A0, sentimita 84 kwa 119, herufi za kusomeka kwa hatua mbili. Lichapwe kwenye kitambaa, si karatasi. Kitambaa hukunjwa ndani ya begi. Karatasi hubebwa kwenye bomba, na bomba hilo likipanda basi la kutoka Kigoma litafika limepigwa pasi.

Tunachoomba

(a) Kila ombi la ruhusa lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu lipokelewe, ndiyo au hapana, na hapana iwe na sababu. Baada ya ndiyo, barua ya mwajiri itoke ndani ya siku saba ikiwa na mambo tuliyoyataja katika lalamiko la kwanza. Tuko tayari kuwaandalia kiolezo.

(b) Kila moja ya halmashauri nane za mkoa iweke kasma ndogo ya jumla ya makongamano ya kitaaluma, ya kutosha walimu wawili wa lugha kwa mwaka. Hao ni 16 kwa mkoa mzima. Angalau nusu yao waende nchi jirani, ambako hakuna viza na nauli ni ya basi. Tunajua Bujumbura haina mvuto wa London. Kwa mwalimu wa Kiswahili wa Manyovu ina faida zaidi.

(c) Uchaguzi ufanywe kwa ikisiri, majina yakiwa yamefunikwa, na wasomaji watatu ambao wenyewe si waombaji. Sharti la kwanza liwe kufundisha lugha darasani kwa sasa. Anayeomba nafasi ya kusikiliza tu aandike badala yake matatizo matatu ya darasa lake anayokwenda kuyatafutia dawa, na aonyeshe katika ratiba ya kongamano ni vipindi gani vinayagusa.

(d) Akirudi, ndani ya siku 21 aendeshe vikao viwili katika jumuiya za ujifunzaji za kata yake, aandike kitini cha kurasa mbili kisicho na majina ya wageni waalikwa, na afundishe kipindi kimoja wenzake wakimtazama. Kitini kiseme pia kilichoshindikana. Asiyefanya haya asipewe ruhusa nyingine kwa miaka mitatu, na katika hili msituonee haya.

(e) Kituo kimoja cha walimu katika kila halmashauri kiwe na kompyuta, projekta, spika na bando la kutosha kufuatilia makongamano ya mtandaoni kwa pamoja. Watu 20 wakitazama skrini moja bando ni la mmoja, na mjadala unaofuata ni wa wote. Jenereta au betri iwepo. Umeme wetu mnaujua.

(f) Walimu wa Kifaransa wahesabiwe katika nafasi hizi 16, wasiachwe wagombee makombo.

Maombi (a), (c) na (d) hayahitaji hata shilingi na yanaweza kuanza muhula huu. Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Yakija, tutayabandika pale pale tulipobandika barua hii, yawe ya kukubali au ya kukataa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Walimu wa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa
Mkoa wa Kigoma

Nakala: Mbao za matangazo, ofisi za walimu